Magnesiamu thieta: sio ya kifafa cha mimba tu

Watu wengi wakisikia magnesiamu salfeti wanawaza leba na kifafa cha mimba basi, na kweli huko ndiko ilikojijengea jina, utafiti wa Magpie wa 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu kwa mama mwenye priiklampsia, yaani presha ya juu ya ujauzito inayotangulia kifafa cha mimba. Ila sisi wa nusu kaputi tuna kazi nayo nyingine kibao.

Kubwa ni maumivu. Magnesiamu inaziba risepta za NMDA, yaani milango ya kupokelea ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo, na inazuia kalsiamu kuingia kwenye seli, sasa zile neva zinazochokozwa na kisu mpaka zinakuwa kali kupita kiasi zinatulia kidogo, ndo maana ukimpa mgonjwa miligramu 30 hadi 50 kwa kila kilo, taratibu, dakika 15 mpaka 20 hivi mwanzoni mwa opresheni, baadaye anahitaji mofini pungufu. Pungufu tu jamani, sio kwamba mofini unaifungia kabatini. Inasaidia pia presha isiruke wakati wa kuingiza tyubu kooni na inapunguza ule mtetemeko wa baada ya opresheni.

Shughuli sasa iko kwenye dawa za kulegeza misuli. Magnesiamu inapunguza asetilikolini, kemikali inayoamrisha misuli ikaze, inayotoka kwenye ncha za neva, kwa hiyo rokuroniamu, mojawapo ya dawa hizo, inashika mapema na inakaa muda mrefu kuliko ulivyozoea, opresheni imeisha, daktari wa upasuaji kashavua glavu, wewe bado unasubiri mgonjwa apumue na wapi. Mama akitoka leba na dripu yake ya magnesiamu akaja kufanyiwa upasuaji kwa nusu kaputi ni hesabu ileile. Mimi bila mashine ya kupima neva siongezi rokuroniamu kwa mgonjwa wa magnesiamu, na sipendi kabisa mtu aje kuipiga magnesiamu kwa kasi mgonjwa akiwa ndo kwanza ameamka, misuli inaweza kulegea upya.

Figo mbovu? Punguza au acha, maana inatoka mwilini kupitia hukohuko. Leba wanagonga goti kuangalia rifleksi, ambayo hupotea kabla pumzi haijakata, lakini kwa aliyelegezwa misuli goti halikwambii kitu, kwa hiyo kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, ya asilimia 10, mililita 10, iwe karibu. Na ile ampuli ya mililita 10 yenye asilimia 50 ina gramu 5 nzima, izimue kwanza ndo iende kwenye mshipa.