Usiufiche uwakala wako: wasifu na barua ya kazi kwa mwanafunzi wa chuo

Kazi yangu ni kusoma maombi ya ajira, na mengi yanatoka kwa vijana wa mwaka wa mwisho au waliomaliza chuo juzi tu. Nikikutana nao kwenye maonesho ya ajira vyuoni, swali lao huwa moja: "Sina uzoefu, sasa niandike nini?" Kwa kukosa jibu wanajaza ukurasa kwa sifa. Mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Sina ugomvi na sifa hizo, ila kila mwombaji ameziandika na mimi sina namna ya kuzipima.

Ninachotafuta ni kitendo: ulikabidhiwa kazi gani, uliifanya kwa kutumia nini, ikaishia wapi. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupokea mshahara hata siku moja anavyo vitendo vya namna hiyo. Anavyo vingi tu, ila haviandiki.

Chukua mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Mwanafunzi wa uhasibu amekaa wiki nane kwenye idara ya fedha ya halmashauri, na kwenye wasifu wake anaandika: "Nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi." Basi, imeisha hiyo. Kumbe ukifungua logibuku yake, yaani daftari la kazi za kila siku za fildi, unakuta kila asubuhi alikuwa akipokea taarifa za wakusanya ushuru, akilinganisha makusanyo ya mashine za POS (zile za kukusanyia ushuru) na hati za kuweka fedha benki, na wiki za mwisho akapewa kazi ya kupanga hati za malipo ambazo wakaguzi walikuwa wanakuja kuziangalia. Hiyo ni kazi ya kihasibu kabisa! Iandike hivi: "Nililinganisha kila siku makusanyo ya mashine za POS na hati za benki, na kumwonesha mhasibu wa mapato tofauti zilizojitokeza. Nilipanga hati za malipo za robo mwaka kwa ajili ya ukaguzi."

Nikisoma mistari hiyo miwili, tayari nina maswali ya kumuuliza kwenye usaili. Tofauti zilisababishwa na nini? Zilipoonekana, nani alifuatwa? Naye atajibu bila kubabaika kwa sababu alikuwepo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kompyuta, tafuta logibuku na ripoti yako ya fildi, uzisome ukurasa kwa ukurasa huku ukiandika pembeni kila kitenzi unachokutana nacho. Kama una takwimu, ziweke. Kama huzikumbuki, ziache, maana takwimu ya kubuni hubainika kwenye swali la pili.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Vijana wengi wanajilipia chuo, au wanaongezea pale mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unapoishia, kwa kufanya kazi ndogondogo: uwakala wa fedha kwa simu, tuisheni kwa watoto wa mtaani, kushona, kuuza duka la mama likizo nzima. Halafu kwenye wasifu hakuna hata neno moja la hayo, kwa sababu wanaona si kazi ya msomi. Ndugu zangu, mtu aliyeshika floti (salio la uwakala lililomo kwenye simu) ya watu wengine na kuisawazisha na fedha taslimu kila jioni bila upungufu ana ushahidi wa uaminifu ambao kivumishi "mwaminifu" hakitaufikia kamwe. Mtu anayeomba kazi benki akauficha uwakala wake ameficha sababu kubwa ya kuitwa.

Iandike kama kazi nyingine yoyote: "Wakala wa huduma za fedha kwa simu, Morogoro, wikiendi na likizo, 2023–2025. Nilisimamia floti na fedha taslimu, nilifunga hesabu kila siku, na nilifuatilia miamala iliyokosewa hadi mteja arudishiwe pesa yake." Uongozi kwenye serikali ya wanafunzi, uhazini wa kikundi cha dini au uratibu wa michezo uandike vivyo hivyo: cheo kwanza, kisha ulichokifanya ukiwa na cheo hicho.

Mengine ni mepesi. Ukurasa mmoja unatosha, miwili ni mwisho. Elimu ianzie chuo na kurudi nyuma, na shule ya msingi unaweza kuiacha. GPA ya 3.5 na kuendelea, yaani daraja la pili la juu kwa shahada zetu, itaje. Ikiwa chini ya hapo na tangazo halijaiuliza, nafasi hiyo itumie kutaja utafiti wako wa mwaka wa mwisho na ulichokipata. Ukichapiwa steshenari, soma kila mstari kabla hujalipa, kwa sababu mara nyingi wanafungua faili la mteja aliyetangulia na kubadilisha majina, na ninapokea wasifu wenye wadhamini wa mtu mwingine. Tuma kwa PDF, faili likiwa na jina lako.

Dini, kabila na hali ya ndoa viondoe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo, na waombaji wa kazi wamo ndani ya ulinzi huo. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) nayo usiisambaze kwenye kila barua pepe. Mfumo unaoihitaji utakuomba.

Barua ndiyo inayowashinda wengi. Shuleni tulifundishwa kuanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na kumaliza na "Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa." Katikati kunabaki nafasi ndogo, nayo inajazwa kwa kurudia wasifu. Anwani mbili, tarehe na "YAH:" viache palepale, ni utaratibu wetu na unasaidia. Ila aya ya kwanza ianze na kazi unayoiomba pamoja na sababu yako yenye nguvu kuliko zote: "Naomba nafasi ya ofisa huduma kwa wateja katika tawi lenu la Morogoro. Kwa miaka miwili nikiwa mwanafunzi nimekuwa wakala wa fedha kwa simu, na nimezoea kumtuliza mteja ambaye pesa yake imekwenda namba isiyo sahihi." Aya ya pili ichukue sharti moja au mawili ya tangazo, maneno yaleyale waliyotumia, na kwa kila sharti itaje mahali ulipolitekeleza. Aya ya tatu iseme lini unaweza kuanza. Yatosha.

Siku hizi napokea barua zilizotungwa na akili mnemba, zote zikiwa na "shauku kubwa" na "taasisi yenu tukufu". Itumie kusahihisha lugha, sawa. Lakini haijui ulichokifanya fildi, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Kwa kazi za serikali masharti ni magumu zaidi, na mtu anaenguliwa kabla sifa zake hazijasomwa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kupitia mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal, si kwa bahasha. Barua inaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na lazima isainiwe, kitu ambacho wengi wanakisahau kwa kuwa wanapakia faili tu. Matangazo yao hukataa "provisional results" (matokeo ya muda) na "statement of results" (taarifa ya matokeo), kwa hiyo fuatilia cheti chako mapema. Linganisha pia majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kubadili jina sasa, kabla tangazo halijatoka, kwa sababu dirisha la maombi ni fupi.

Wanataka pia wadhamini watatu. Mwombe ruhusa mhadhiri aliyesimamia utafiti wako kabla hujaondoka chuoni, na msimamizi wa fildi kabla hajahamishwa kituo. Ukituma maombi, watumie wote watatu nakala ya wasifu na ya tangazo lenyewe kwa WhatsApp, ili simu ikipigwa wawe wanajua umeomba kazi gani.