Tahasusi ya Kidato cha Tano: Dhana Potofu na Ukweli

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, hujaa mjadala mmoja: mtoto asome kombi gani, yaani tahasusi ya masomo makuu matatu ya kidato cha tano na sita. Mjadala huo mara nyingi huanzia kwenye sifa ya herufi tatu, iwe PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ilhali ungepaswa kuanzia kwenye masharti ya kozi ambayo mtoto anaitaka chuoni. Masharti hayo si siri. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huyatoa kila mwaka katika mwongozo wa udahili ambao yeyote mwenye simu anaweza kuupakua bila malipo, lakini wazazi wengi huufungua kwa mara ya kwanza mtoto akiwa amekwisha kumaliza kidato cha sita.

Dhana potofu: Tahasusi huchaguliwa baada ya matokeo.

Ukweli: Sehemu kubwa ya uamuzi huwa imekwisha kufanyika miaka miwili kabla, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu na kuruhusiwa kuacha baadhi ya masomo. Aliyeiacha Fizikia siku ile, pengine kwa sababu tu marafiki zake waliiacha, ameziaga PCB, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) bila kuandikiwa barua yoyote. Ni kweli kwamba fomu ya uchaguzi, Selform, hujazwa kabla ya mtihani wa taifa na kwamba mfumo wa TAMISEMI, ofisi inayowapangia wanafunzi shule, hufunguliwa tena kwa muda baada ya matokeo ili anayetaka kubadili abadili. Hata hivyo, hakuna mfumo unaoweza kumrudishia mtoto somo ambalo hakulifanyia mtihani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kikao cha familia kuhusu kombi kifanyike mtoto akiwa kidato cha pili.

Dhana potofu: PCB hufungua kila mlango.

Ukweli: Kwa anayetaka udaktari wa binadamu, PCB ndiyo njia, kwa kuwa shahada hiyo pale Chuo Kikuu cha Muhimbili hudai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Mambo hubadilika kwa anayetaka uhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwani huko Hisabati hudaiwa kama somo kuu pamoja na Fizikia, nayo PCB haina Hisabati kama somo kuu. Mwanafunzi wa PCB husoma BAM (Basic Applied Mathematics), hisabati ya msingi ambayo ni somo la nyongeza. BAM ina thamani yake, maana zipo shahada zinazoipokea kwa asiyesoma Hisabati kama somo kuu, lakini kwa uhandisi haichukui nafasi hiyo. Inasikitisha mtoto aliyeota kujenga madaraja kuligundua jambo hili akiwa na matokeo ya kidato cha sita mkononi.

Dhana potofu: Sayansi ni ya wenye akili, na sanaa ni ya walioshindwa.

Ukweli: Udahili hauangalii heshima ya kombi mtaani, huangalia pointi, na huangalia zimetoka katika masomo gani. Alama A hupewa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, E pointi 1 na S nusu pointi. Sharti la chini kwa jumla ni ufaulu wa masomo makuu mawili, kuanzia E kwenda juu, yenye jumla ya pointi 4, na kozi nyingi hudai zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa PCB mwenye D moja na S mbili ana somo kuu moja tu alilofaulu, hivyo hafikii sifa ya kuingia shahada yoyote moja kwa moja, wakati mwenzake wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) mwenye C mbili na D moja anafika na pointi 6 kutoka masomo yake mawili bora. Kumlazimisha mtoto kombi asiyoimudu ili familia ipate la kusema kwenye harusi ni kumdhulumu.

Dhana potofu: Diploma ni ya waliokosa nafasi ya kidato cha tano.

Ukweli: Kwa fani za ufundi, mara nyingi diploma ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hupokea wahitimu wa kidato cha nne katika diploma za uhandisi za miaka mitatu, na mwenye diploma yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi huweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, yaani kwa diploma badala ya matokeo ya kidato cha sita, akiwa tayari ameshika vifaa vya kazi yake.

Dhana potofu: Kwa kuwa kombi zimeongezeka, kila mtoto atapata anayoitaka.

Ukweli: Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, lakini si kila shule hufundisha zote. Kabla ya kujaza Selform, uliza ni shule zipi zinaifundisha kombi hiyo na kama zina walimu wa masomo yote matatu, kisha utafute katika mwongozo wa TCU ni kozi zipi zinaipokea. Katika maonesho ya elimu ya juu viwanja vya Mnazi Mmoja, maofisa udahili wa vyuo vingi hukaa mezani siku kadhaa wakijibu maswali ya aina hii, na mwanafunzi wa kidato cha pili ana haki ya kuwauliza sawa na mhitimu wa kidato cha sita.