Vitamini pekee haziwezi kulilinda tumbo la mgonjwa wa ini

Mgonjwa wa ini akianza kulalamika kwamba tumbo linamuunguza, nyumbani humkimbilia mwenye duka la dawa. Wanarudi na chupa ya vitamini, na vidonge vichache vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye bahasha. Hiyo bahasha ndiyo inayotutia hofu sisi tunaowatibu.

Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ndipo irudi moyoni. Ini likishajaa makovu kwa sababu ya homa ya ini aina ya B au pombe, njia hubana na shinikizo hupanda. Kichocho, ambacho kimewatesa sana watu wa mwambao wa Ziwa Albert, hubana njia hiyohiyo hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja waragi. Utando wa ndani wa tumbo hubaki umevimba kwa damu iliyotuama, oksijeni haiufikii vizuri, na mchubuko mdogo huchelewa kupona.

Utando ukiwa katika hali hiyo, ndani yake huzaliana kemikali kali zinazoharibu chembe hai. Vitamini E hukaa kwenye mafuta ya kuta za chembe hizo na kuzizima kemikali hizo. Vitamini C huirudishia E nguvu yake. Kwa panya wa maabara, kinga hiyo imeonekana. Kwa binadamu mwenye makovu ya ini, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge vya vitamini huzuia tumbo kuvuja damu. Vidonge vya vitamini A msimpe bila daktari kusema: vitamini hiyo hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi huliumiza.

Chakula ni salama zaidi. Mapera yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Dodo, yaani mchicha, lisichemshwe hadi kupondeka. Karanga zina vitamini E, lakini nunueni nzima, si zilizokwisha kusagwa sokoni, maana hujui kilichosagwa. Zimwage kwenye ungo, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, huchangia saratani ya ini, na kuchemsha mchuzi hakuiondoi.

Sasa ile bahasha. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza ute unaoukinga utando wa tumbo, na kwa mgonjwa wa ini huweza kuziumiza figo pia. Kuchomwa sindano badala ya kumeza hakusaidii, kwa sababu dawa hulifikia tumbo kupitia damu. Maumivu yakizidi, mwulizeni daktari kuhusu parasetamoli. Mara nyingi kikomo chake kwa wagonjwa hawa ni gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.

Akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mbebe dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba.