"Hajaonekana" na "hayupo": somo la falsafa kutoka kwa silikanti

Tarehe 22 Desemba 1938, katika bandari ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliitwa gatini kukagua samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Yeye ndiye aliyesimamia makumbusho ya mji huo. Chini ya lundo la papa aliona pezi la buluu likichomoza. Alipowaondoa waliolalia juu, akakuta samaki wa karibu mita moja na nusu, mwenye magamba magumu na mapezi manene yenye nyama, mithili ya viguu vifupi. Hakumtambua. Dereva wa teksi aligoma kumpakia mpaka akabembelezwa. Chumba cha maiti hospitalini kikakataa kumhifadhi. Na mkuu wa bodi yake akasema huyo ni chewa tu. Mama huyo hakukubali. Akamchora, akautuma mchoro kwa J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyebobea katika elimu ya samaki.

Mchoro ulikuwa wa silikanti. Wataalamu walimfahamu kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe, na kwa kuwa hayakupatikana katika miamba ya miaka milioni 66 iliyopita na kuja huku, walikuwa na yakini kwamba ametoweka duniani.

Mimi nafundisha falsafa, na kisa hiki hukirudia mara kwa mara darasani, maana wanafunzi wengi huja wakidhani falsafa ni kubishana maneno. Nawauliza: kosa lilikuwa wapi? Miamba ilisomwa vizuri. Mabaki yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika hatua moja ndogo ambayo hakuna aliyesimama kuitazama: kutoka "hajaonekana" kwenda "hayupo". Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu silabi moja tu, -ja-, inatutunzia tofauti hiyo. "Hayupo" hufunga mlango na kuondoka. "Hajaonekana" huurudisha tu, bila komeo.

Mwanafalsafa Mskochi David Hume aliliweka jambo hili wazi katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1739. Alihoji ni nini kinachotupa haki ya kuchukua tuliyokwisha kuyaona na kuyatumia kuamulia tusiyoyaona, na hakupata hoja isiyojizunguka yenyewe. Nyavu elfu moja zikirudi bila silikanti zinatueleza habari za nyavu hizo elfu moja, mahali zilipotupwa na kina zilichofika. Samaki huyu hujificha mchana katika mapango ya chini ya bahari, mara nyingi zaidi ya mita 100 kwenda chini. Wahenga walisema avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Sehemu inayonigusa zaidi ilikuja baadaye. Smith alisambaza vipeperushi vya kuahidi zawadi kwa atakayempata wa pili, na akapatikana Desemba 1952 katika kisiwa cha Anjouan, Komoro. Wavuvi wa huko hawakushangazwa na sura yake. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walimvua mara mojamoja. Nani basi alikuwa anajua? Mvuvi alijua kwamba samaki yupo, hakujua ukoo wake ni wa kale kiasi gani. Mtaalamu aliujua ukoo, hakujua kwamba yupo. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba mwalimu wake Sokrate alipowahoji mafundi wa Athene aliwakuta wanaijua kweli kazi yao, ila ujuzi huo uliwafanya waamini kwamba wanajua na mengine makubwa. Nadhani maprofesa nao wangeingia katika orodha yake, nami nikiwemo.

Hapa kuna mtego, na nauona ukinasa watu kila siku mitandaoni. Mtu husema: ikiwa wataalamu walikosea, basi kila mmoja abaki na lake. Hapana. Kilichoangusha imani ya zamani ni samaki mwenyewe, aliyelazwa mezani akapimwa na kuchorwa. Shaka ya kifalsafa huuliza ushahidi unatufikisha wapi, ikaishia hapo unapoishia. Anayekataa chanjo kwa sababu tu sayansi iliwahi kukosea ameruka hatua ileile, tena kwa mbio zaidi. Mtu wa maabara anayeandika "vimelea havikuonekana" badala ya "hana malaria" ameifanya falsafa kwa kalamu, na mgonjwa akizidiwa na homa, maneno hayo humpa daktari sababu ya kuagiza kipimo kingine.

Kwetu Tanzania, silikanti alianza kunaswa katika jarife za wavuvi mwaka 2003, kisha kwa wingi zaidi Tanga, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ikatangazwa huko kwa ajili yake. Hata hivyo hatujamaliza kumjua. Kwa miaka mingi wataalamu walihesabu mistari ya ukuaji kwenye magamba yake, wakakadiria kwamba huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliyatazama magamba kwa aina nyingine ya mwanga, wakaona mistari myembamba ambayo hesabu za awali ziliikosa. Makadirio yakapanda hadi karibu miaka 100. Huenda basi baadhi ya walionaswa Tanga walikuwa tayari wanaogelea siku ile Marjorie alipokuwa akimbembeleza dereva wa teksi. Na magamba yaliyosomwa upya hayakutoka baharini mwaka huo. Yalikuwa yamehifadhiwa makumbusho, mistari yote ikiwa juu yake.