Uzito wa ulimi: kilo zinazolalia gari unapovuta boti

Uzito wa ulimi ni ule uzito ambao trela, ikiwa imesimama sawa na imebeba kila kitu cha safari, inauweka juu ya tufe la kuvutia lililo nyuma ya gari. Ulimi wenyewe ni mkono wa chuma unaotokeza mbele ya fremu ya trela na kuishia kwenye kikombe kinacholifunika tufe. Uzito unaobaki hubebwa na magurudumu ya trela. Kwa hiyo trela ya kilo 1,200 pamoja na boti yake, ikiwa na uzito wa ulimi wa kilo 84, inaacha kilo 1,116 kwenye ekseli, na zile 84 zinahesabika kuwa mzigo wa gari, sawa na abiria aliyekaa nyuma kabisa ya buti.

Watu huuchanganya na uzito wa trela nzima. Chukua trela mbili zenye uzito uleule: ulimi wa moja unanyanyuka kwa mkono mmoja, wa nyingine hata watu wawili wanahema. Kinachozitofautisha ni mahali mzigo ulipokaa ukilinganisha na ekseli.

Namba inatoka wapi

Ni kanuni ya wenzo ileile ya darasani, na ekseli ndiyo egemeo. Zidisha uzito wa trela yote kwa umbali ambao kitovu chake cha uzito (mahali ambapo uzito wake wote unasawazika) kimetangulia mbele ya ekseli, kisha gawanya kwa umbali wa kutoka ekseli hadi tufe. Kwa trela yetu, tufe liko mita 4 mbele ya ekseli na kitovu cha uzito kiko sentimita 28 mbele yake: 1,200 × 0.28 ÷ 4 = 84.

Itazame hiyo sentimita 28. Ni shubiri moja na vidole vichache. Usalama wa mzigo unaozidi tani moja barabarani umekaa kwenye nafasi hiyo ndogo, na ndiyo maana mabadiliko yanayoonekana madogo huleta tofauti kubwa. Boti yenye kilo 900 ikisogezwa mbele sentimita 10 tu, ulimi unaongezeka 900 × 0.10 ÷ 4, yaani kilo 22.5. Ikirudishwa nyuma kiasi hichohicho, unabaki na kilo 61.5. Sentimita 10 ni boti ambayo haikuvutwa na winchi hadi pua yake ikagusa kizuizi cha mbele. Kosa ambalo jioni, watu wakiwa wamechoka, ni rahisi mno kulifanya.

Kiasi gani kinatosha

Kwa trela za boti, watengenezaji wengi hutaja kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa trela pamoja na mzigo wake. Kwa trela nyingine, Marekani hutajwa zaidi asilimia 10 hadi 15, na Ulaya 5 hadi 7. Kitabu cha trela yako kikitaja namba, ifuate hiyo. Kisipotaja, asilimia 7 hadi 10 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa boti.

Asilimia peke yake haitoshi, kwa sababu kuna vikomo vya kilo visivyojali asilimia. Kuna kikomo cha tufe, cha chuma cha kuvutia kilichofungwa chini ya gari, cha kikombe cha trela, na cha gari lenyewe kwenye kitabu chake. Kinachotawala ni kilicho kidogo kuliko vyote. Magari madogo mara nyingi huandikiwa kilo 50 hadi 100. Trela ya kilo 1,200 kwenye gari lenye kikomo cha kilo 75 inaweza kufika asilimia 6.25 na si zaidi. Kama trela hiyo haitulii kwa kiasi hicho, dawa ni gari lingine au mzigo mdogo zaidi. Kuvuka kikomo si dawa.

Ulimi ukiwa mwepesi

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu haionekani trela ikiwa imesimama. Upepo wa ubavuni au lori linalopita kwa kasi huisukuma trela upande, nayo huzunguka kidogo kwenye tufe. Matairi yake hukaza kuirudisha kwenye mstari. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya ekseli vya kutosha, mtikisiko hufifia baada ya mara moja au mbili. Kikiwa karibu mno na ekseli, au nyuma yake, ule uzito wa nyuma huendelea kwenda pembeni hata baada ya matairi kukaza. Trela hupitiliza upande wa pili, na kila mpito huwa mpana kuliko uliotangulia. Kasi inavyopanda, nguvu ya kuuzima mtikisiko hupungua, mpaka unafika mwendo ambao ukiuvuka hauzimiki tena. Trela iliyotulia kabisa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa inaweza kulitikisa gari kwenye 90, hasa kwenye mteremko.

Boti huongeza shida hii kwa umbo lake. Mashine inaning'inia nyuma kabisa, kwenye ubao wa tezi, yaani ule unaofunga nyuma ya boti, mbali na ekseli kama kichwa cha nyundo mwishoni mwa mpini. Kikishaanza kuyumba hakisimamishiki kirahisi. Ulimi mwepesi pia hunyanyua nyuma ya gari kila trela inaporuka kwenye matuta, na matairi ya nyuma ya gari ndiyo yanayopaswa kuizuia trela isilivute gari pembeni.

Ikitokea umeyumbishwa, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mwendo, wala usijaribu kuikimbiza trela kwa usukani, kwa sababu mikono yako itachelewa na kila zungusho litaongeza mtikisiko. Gari likiwa na kidhibiti cha mkono cha breki za trela, kitumie kwa upole kufunga breki za trela peke yake.

Ulimi ukiwa mzito

Dalili zake zinaonekana mapema: gari limekalia nyuma, taa zinamulika juu ya miti, usukani umekuwa mwepesi. Hesabu yake huwashangaza wengi. Tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na umbali kati ya ekseli mbili za gari ukiwa mita 2.8, kilo 100 za ulimi huondoa kilo 43 kwenye matairi ya mbele na kuweka kilo 143 kwenye ya nyuma. Matairi ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na kubeba kazi kubwa ya breki, kwa hiyo kupunguziwa uzito kunaumiza vyote viwili. Jumlisha abiria wa kiti cha nyuma na mizigo ya buti, na unaweza kuvuka kikomo cha ekseli ya nyuma ilhali uzito wa jumla wa gari bado uko ndani ya ruhusa.

Kuupima

Pima boti ikiwa imepakiwa kama itakavyosafiri: mafuta, nanga na mnyororo wake, betri, vifaa vya uvuvi. Egesha trela mahali tambarare na uweke magogo kwenye magurudumu yote. Kisha pima urefu wa tufe la gari kutoka chini, gari likiwa na abiria na mizigo yake, kwa sababu kikombe lazima kiwe kwenye urefu huo wakati wa kupima.

Ulimi ukitarajiwa kuwa chini ya kilo 120 hivi, mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili inatosha. Weka ubao imara juu ya mizani, simamisha kipande cha mti chenye urefu unaofaa, kisha shusha kikombe juu yake taratibu kwa jeki mpaka gurudumu dogo la mbele liache ardhi. Soma, halafu toa uzito wa ubao na mti.

Ulimi mzito zaidi ya uwezo wa mizani hupimwa kwa ubao mrefu. Upande mmoja laza kipande cha bomba juu ya tofali, upande wa pili bomba jingine juu ya mizani, yaachane sentimita 90. Urefu wa tofali na wa mizani ulingane ili ubao ulale sawa. Soma mizani ikiwa na ubao na mti peke yake, kisha shusha kikombe sentimita 30 kutoka bomba la tofali. Mizani hapo hubeba theluthi moja. Toa ile namba ya mwanzo, zidisha kwa 3.

Kosa la kawaida ni kuweka mizani chini ya gurudumu dogo la mbele kwa kuwa ndiyo rahisi. Gurudumu hilo liko nyuma ya kikombe, karibu zaidi na ekseli, kwa hiyo linabeba zaidi ya tufe. Kwenye trela yetu, likiwa mita 3.5 kutoka ekseli, mizani itasoma kilo 96 na si 84. Utaamini una asilimia 8 wakati una 7. Kosa la pili ni urefu: kikombe kikiinuliwa sentimita 20 juu ya usawa, kitovu cha uzito kilicho sentimita 80 juu ya ekseli hurudi nyuma sentimita 4 hivi, na kilo 12 zinapotea. Hilo hutokea barabarani vilevile, tufe likifungwa juu kuliko trela inavyohitaji.

Mizani mikubwa ya malori inafaa kujua uzito wa trela yote, ambao unauhitaji kwa ajili ya asilimia. Kwa ulimi ni butu: nyingi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, na kosa la kilo 20 kwenye 84 ni kubwa mno.

Kuurekebisha

Anza na vitu vinavyohamishika, lakini kwa akili. Nanga ya kilo 20 ikitolewa juu ya ekseli na kupelekwa omo, yaani kwenye pua ya boti, mita 2.5 mbele, huongeza kilo 12.5 kwenye ulimi. Hata hivyo sipendekezi kutibu ulimi mwepesi kwa kurundika vitu omo. Namba itapendeza, lakini sasa una uzito kwenye ncha zote mbili, na mzigo wa ncha mbili ukianza kuzunguka ni mgumu kuutuliza. Vitu vizito vikae karibu na ekseli, mbele yake kidogo, chini kabisa.

Kisha tazama nguzo ya winchi. Kuihamisha mbele au nyuma kwenye ulimi huihamisha boti nzima. Kabla ya kufanya hivyo, zunguka nyuma uangalie mwisho wa zile mbao za kulalia boti. Ubao wa tezi unapaswa kuishia juu ya mwisho wa mbao hizo; zikitokeza kidogo hakuna neno. Boti ikining'inia nyuma yake, mashine inabebwa na sehemu ya chombo isiyo na kitu chini yake, na baada ya muda sakafu ya nje hupinda, boti ikawa haikimbii tena majini kama zamani. Kwa hiyo usiirudishe boti nyuma ili kupunguza ulimi ikiwa itavuka hapo.

Boti ikiwa imelala mahali pake na namba bado ni mbaya, kinachobaki ni kusogeza ekseli. Kuirudisha nyuma huongeza uzito wa ulimi, kuileta mbele hupunguza. Sentimita 10 kwenye mfano wetu ni karibu kilo 25. Shusha boti kwanza, inua fremu na kuiweka juu ya stendi, chora alama pande zote mbili kabla ya kulegeza boliti za U. Ukishasogeza, pima kutoka katikati ya kikombe hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili vikitofautiana hata kwa milimita chache, sogeza tena, kwani ekseli iliyokaa mshazari hula matairi na trela hutembea ubavu. Hakikisha mabomba ya breki hayajavutika na matairi hayagusi madigadi yake. Kaza kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, kaza tena baada ya kilomita 50, kisha pima ulimi upya.

Trela ya ekseli mbili inataka jambo moja zaidi: isafiri ikiwa sawa kabisa. Pua ikiinuka au kuinama, mzigo hugawanyika vibaya kati ya ekseli hizo na namba ya ulimi hubadilika nayo.

Safari ya kurudi

Uzito uliopimwa asubuhi si lazima uwe wa jioni. Tangi la lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi. Likiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli na likijazwa, hupunguza kilo 28 kwenye ulimi, kwa hiyo namba yako mbaya zaidi ni ya tangi lililojaa. Tangi likiwa mbele ya ekseli mambo hugeuka: ulimi huwa mwepesi mafuta yakiisha. Fahamu tangi lako liko wapi, upime katika hali zote mbili.

Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, ni mabaya zaidi, kwa sababu hukimbia. Lita 60 ni kilo 60; gari likipanda kilima yote huenda tezi, palepale unapohitaji ulimi uwe mzito. Likifunga breki yote hurudi omo. Fungua kizibo trela ikiwa bado kwenye mteremko wa kuopolea boti, omo ikiwa juu, usubiri mpaka maji yawe matone. Fungua na matangi ya kuhifadhia samaki hai. Ndipo uvute winchi hadi pua iguse kizuizi, ufunge mikanda ya tezi, na uondoke.