Poni si mtoto wa farasi

Mwezi uliopita alinipigia simu baba mmoja wa Mafinga. Tukasalimiana kamwene, tukaulizana habari za mvua, kisha akafika kwenye shida yake: binti yake wa miaka 9 hana wimbo mwingine nyumbani ila farasi. Amewachora kwenye kila daftari, hadi la hesabu. Baba amekubali yaishe. Anatafuta poni wa miezi 6 hivi, "ili wakue pamoja." Nilipomuuliza kwa nini wa miezi 6, akanijibu, "Daktari, samaki mkunje angali mbichi."

Huyo ni wa nne katika mwaka mmoja kunipa methali hiyohiyo. Naandika haya ili wa tano ayasome kabla hajatoa pesa.

Poni ni farasi wa jamii fupi. Tunampima kutoka chini hadi kilele cha mabega, na akikomaa hazidi sentimita 148. Wa jamii ya Shetland hazidi 107. Hata akiwa mzee wa miaka 20 ataendelea kulingana na kifua cha mtu mzima. Mtoto wa farasi ni kitu kingine kabisa: leo unamkumbatia, baada ya miaka michache ana kilo 500. Tunaposema "farasi mdogo", mmoja anasikia kimo, mwingine anasikia umri, na hapo ndipo mzazi anaponunua kisichomfaa mwanawe.

Sasa tupige hesabu ya yule binti. Mtoto wa farasi wa miezi 6 hapandwi. Mgongo wake haujakomaa, na mimi siruhusu apandwe kabla ya miaka 4, hata na mtoto mwepesi. Kwa hiyo binti atakuwa na miaka 12 na nusu siku ya kwanza anapokaa mgongoni, juu ya mnyama ambaye naye ni siku yake ya kwanza. Hakuna anayemfundisha mwenzake. Farasi huyo ataanza kutulia akifika miaka 7 au 8, na binti wakati huo yuko bweni, sekondari. Nani atakuwa anamtunza? Baba, ambaye hakuwahi kumtaka.

Kuhusu samaki: sawa, akunjwe angali mbichi, lakini anayemkunja awe anajua kukunja. Ndama wa farasi hucheza kwa kung'ata, kurusha mateke na kusimama kwa miguu ya nyuma. Akiwa na miezi 6 anamwekea mtoto kwato mabegani, na nyumba nzima inacheka na kupiga picha. Hajui kwamba miaka 2 baadaye hatakiwi kufanya hivyo, kwa sababu aliyemlea hakumkataza, naye alikuwa mtoto. Nimeitwa kwenye shamba moja kumtazama farasi wa namna hiyo, nikamkuta mvulana wa nyumba ile amefungwa plasta mkono. Wenyewe waliniambia farasi amekuwa mkorofi. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anacheza mchezo uleule waliomzoesha.

Mtafutie mtoto poni wa miaka 12 au zaidi, aliyekwisha kubeba watoto wengine na kuwachoka kidogo. Watu wanakataa, wanasema ni mzee. Poni akitunzwa anafika miaka 25, wengine 30. Wa miaka 12 ndiye mwalimu.

Vitabu vinasema mzigo, pamoja na tandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Kanuni hiyo naitoa kwa wazazi kwa sababu wanataka namba, ila moyoni siitegemei. Nimeona poni wenye mgongo mfupi na mpana wakibeba robo ya uzito wao na kesho yake wako safi, na farasi wembamba wakiumwa mgongo kwa mzigo mdogo kuliko huo. Mimi humpapasa mgongo asubuhi inayofuata. Akikwepa mkono, mzigo ulizidi.

Jambo la pili ni hili la "si kama ng'ombe tu, anakula majani?" Hapana, na huku kwetu hili linaua. Farasi hacheui na hawezi kutapika. Kinachoingia kibaya kinabaki ndani, tumbo linasokota, na unaweza kumzika kesho yake. Dawa ya josho yenye amitrazi, ambayo ng'ombe anaogeshwa na kuendelea kula, kwa farasi inaweza kusimamisha utumbo. Chakula cha kuku kilichotiwa dawa ya monensini kinaharibu moyo wake. Na mahindi! Nyanda hizi za Juu Kusini ni ghala la mahindi, kwa hiyo yaliyoota ukungu yanapelekwa bandani kwa mifugo. Ng'ombe huyastahimili kuliko farasi. Kwa farasi kuna ukungu wa mahindi ambao sumu yake inaozesha ubongo, na akianza kuyumba na kuegemea ukuta sina dawa ya kumpa. Mahindi usiyotaka kuyala wewe, usimpe yeye. Hata pumba nzuri ikizidi, poni ananenepa, kwato zinawaka moto kwa ndani, anashindwa kutembea. Poni wa kilo 250, hei (majani makavu) kilo 5 kwa siku zinamtosha, hata akikuangalia kwa huruma.

Kazi yenyewe ni ya kila siku: ndoo ya lita 20 ya maji, samadi kilo 10 na zaidi za kuzoa, kwato nne za kukwangua tope. Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 8. Chanjo ya pepopunda isikosekane. Jina lenyewe linakwambia jamii hii inavyoshikwa nao. Jioni aingie bandani kabla usubi hawajatoka, maana ndio wanaoeneza tauni ya farasi.

Tena asikae peke yake. Akikosa mwenzake anahangaika hadi anakonda. Huwa nashauri punda, naye anapatikana kwa bei ya mwananchi. Hapa nina shaka nayo kubwa: punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha dalili na kumwambukiza farasi. Nimeshatoa ushauri huo, nikaufuta, nikaurudia. Kwa sasa nasema punda, na apewe dawa ya minyoo kabla hajakanyaga malisho.

Yule binti aliletwa Jumamosi. Nilimpa kikwangulio na kumsimamisha kando ya farasi jike wa miaka 17. Akafanya miguu ya mbele vizuri, wa tatu akatetemeka, wa nne akaomba aurudie kwa sababu aliona tope limebaki. Baba akauliza wanunue lini. Nikamwambia kuna jirani yake mwenye punda. Binti amtunze hadi mvua zikatike mwezi wa tano, kwenye tope na baridi, kabla ya shule, halafu tuzungumze.

Jana amenipigia tena. Binti amemwamsha saa kumi na moja alfajiri amwangazie tochi, kwa kuwa usiku alikumbuka hakuangalia ndoo ya punda kama ina maji.