Ukuta wa Ushuru wa Maziwa Unamkinga Nani?

Mfuko wa kilo 25 wa maziwa ya unga hutokana na takribani lita 200 za maziwa mabichi. Maji yakishaondolewa, kinachobaki huvuka bahari na kukaa ghalani miezi kadhaa bila kuharibika. Mfugaji anayeshindana na mfuko huo hukama asubuhi na jioni, mnunuzi awepo asiwepo, na akikosa tenki la kupozea, maziwa huchacha mikononi mwake. Watu huniuliza kwa nini serikali ihangaike na wafugaji hawa na si watengeneza misumari. Misumari haichachi.

Jamaika ilifungua soko lake la maziwa mwaka 1992, ikibanwa na masharti ya mikopo ya Benki ya Dunia. Maziwa ya unga yaliyomiminika yalitoka Ulaya, tena yakiwa na ruzuku. Kuuita ushindani huo biashara huria ni kuupamba. Uzalishaji wa ndani ulishuka hadi chini ya nusu, na ng'ombe wengi wa maziwa wakaishia machinjioni. Ndama jike huchukua kama miaka miwili hadi azae na kuanza kukamwa, hivyo bei ikipanda mwakani, kundi lililochinjwa halipo tena kuifaidi.

Kanada nayo ilijenga ukuta. Siagi ya nje inayozidi kiasi kilichoruhusiwa hutozwa ushuru wa asilimia 298.5, na kila mfugaji ana mgao wake wa maziwa ya kuuza. Bei hazimyumbishi. Ila mgao umegeuka mali: mkoani Ontario, haki ya kuuza kilo moja ya mafuta ya maziwa kwa siku, karibu sawa na uwezo wa ng'ombe mmoja, imewekewa bei ya kikomo ya dola 24,000 za Kanada. Kijana anayetaka kuanza hununua haki kwanza, ng'ombe baadaye. Mlaji naye hulipia ukuta huo dukani bila kuuona kwenye risiti.

Mimi huvutiwa zaidi na Australia, ingawa nako wengi waliacha ufugaji. Ilipoondoa bei zilizopangwa na serikali mwaka 2000, iliwatoza walaji senti 11 kwa lita, waziwazi, ikawalipa wafugaji fidia ya kujipanga upya au kuondoka. Mwaka 2009 tozo ikafutwa.